Jiwe la Nyuso Kumi na Mbili: Kisa cha Kwasikristali Iliyouzwa Dodoma

Jumamosi moja ya Juni, baridi kavu ya Dodoma ikiwa imeshaanza kupasua midomo, kijana niliyewahi kumfundisha fizikia alinipigia hodi nyumbani Nkuhungu. Mkononi alikuwa na soksi ya mtoto iliyofungwa fundo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu ndani, kaa."

Hakukaa. Alifungua fundo, akaweka mezani jiwe lenye ukubwa wa limau dogo, la njano iliyopauka kama shaba iliyosuguliwa. Lilikuwa na nyuso kumi na mbili, na kila uso ulikuwa na pande tano. Nililigeuza mara mbili tatu bila kusema neno, kwa maana lilikuwa zuri kweli.

"Hii ni kwasikristali," akasema, yaani kitu ambacho atomu zake zimepangika kwa utaratibu usiojirudia. "Nimeinunua laki nane. Nataka unithibitishie kabla sijampelekea mteja."

Laki nane ile ilikuwa mkopo wa kikoba cha mama yake. Broka aliyemuuzia alidai jiwe limetoka kwenye machimbo ya dhahabu ya upande wa Iramba, Singida. Alimwonyesha kwenye simu picha ya kipande cha metali chenye nyuso kumi na mbili za pande tano, kinachong'aa, na chini yake maelezo kwamba aliyegundua vitu hivyo alipewa Tuzo ya Nobel, na kwamba vingine vilishuka na kimondo. Picha ilikuwa ya kweli, na maelezo yalikuwa ya kweli vilevile. Ugumu wa kisa chote uko hapo: kijana hakudanganywa kwa uongo, alidanganywa kwa ukweli uliobandikwa kwenye jiwe lisilohusika.

Ukweli aliouziwa

Fuwele ya kawaida, kama ya chumvi au ya sukari, ni kifungu kidogo cha atomu kinachojirudia kila upande kwa mpangilio uleule, kama vigae sakafuni. Vigae vya mraba hufunika sakafu bila pengo, vya pembetatu vilevile, na vya pande sita pia. Jaribu vigae vya pande tano zilizo sawa: vitatu vikikutana kwenye kona moja hubaki ufa, na cha nne hakiingii. Kwa sababu hiyo, tangu Haüy wa Ufaransa alipoweka msingi wa elimu ya fuwele mwaka 1784, ilikubalika kwamba fuwele yaweza kuzungushwa na kuonekana vilevile mara mbili, tatu, nne au sita katika mzunguko mmoja. Mara tano, haiwezekani.

Tarehe 8 Aprili 1982, Dan Shechtman, Mwisraeli aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya serikali ya viwango huko Marekani, alipitisha mwali wa elektroni katika aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini na manganizi iliyopozwa ghafla. Nukta zilizojitokeza kwenye picha ya mwali zilikuwa kali na safi, kama za fuwele yoyote, ila zilipangika kumi kumi kuzunguka kitovu, idadi ambayo nayo haimo kwenye orodha ile. Hapo palikuwa na mpangilio usio na kasoro lakini usiojirudia. Makala yake na wenzake watatu ilitoka Novemba 1984, na mwezi uliofuata Levine na Steinhardt wakakipa kitu hicho jina la kwasikristali. Nobel ya Kemia ilimfikia Shechtman mwaka 2011.

Habari ya kimondo nayo ni kweli. Mwaka 2009 Luca Bindi, Steinhardt na wenzao walitangaza kwasikristali ya asili, madini ya alumini, shaba na chuma yaitwayo ikosahedraiti, ndani ya jiwe la Khatyrka kutoka milima ya Koryak, mashariki ya mbali ya Urusi. Lakini punje zake zilikuwa ndogo kuliko milimita moja. Kijana wangu alikuwa ameshika limau.

Tulichopima

Sikutaka kumwambia "hapana" kwa kuliangalia tu. Macho ndiyo yaliyomponza yeye. Yangu yana haki gani ya kuaminiwa zaidi?

Tulianza na rahisi. Nyuma ya kigae cha bafuni, upande usiong'aa, nililiburuza jiwe: likaacha mstari mweusi wenye kijani kidogo. Dhahabu ingeacha mstari wa njano. Lilikwaruza kioo cha chupa. Nilipoligonga kidogo kwenye ukingo kwa nyundo, chembe ikaruka na harufu ya kiberiti ikafuata, ile inayokaa puani baada ya njiti kuwaka. Kwa mzani wa duka la jirani na silinda ya maji ya shuleni tulipata uzito wa karibu gramu tano kwa kila sentimita moja ya ujazo. Yote haya ni tabia za pairaiti, madini ya chuma na salfa ambayo wachimbaji wa dhahabu huyaona kila siku kwenye mawe ya kwatzi.

Yeye hakuridhika, na alikuwa na hoja. "Mwalimu, mbona ina pande tano? Wewe mwenyewe ulitufundisha fuwele haikubali tano."

Basi tukapima pembe. Nilichukua protrakta ya darasani, nikafunga juu yake rula mbili za plastiki kwa pini moja, zikawa kama mkasi. Unaubana ukingo wa jiwe katikati ya rula mbili, rula moja imelala kwenye uso huu na nyingine kwenye uso wa jirani, kisha unasoma. Umbo kamili la nyuso kumi na mbili, lile la kwenye picha ya broka, lina kingo 30, na kwa kila ukingo nyuso mbili hukutana kwa pembe ileile: digrii 116.6. Hakuna ukingo wenye upendeleo.

Kingo tisa za jiwe letu zilikuwa zimemeguka. Tulipima 21 zilizobaki, yeye akishika jiwe na mimi nikisoma, kisha tukabadilishana ili asidhani namwonea. Kingo 16 zilisoma kati ya digrii 113 na 115. Kingo tano zilisoma kati ya 126 na 128. Hakuna hata moja iliyosoma 116 au 117. Tena zile tano zenye pembe kubwa zilikuwa ndefu kuliko nyingine, kiasi cha mara moja na theluthi hivi. Ukiangalia uso mmoja mmoja sasa, ukishajua, unaona: pande nne zinalingana na ya tano imezidi.

Umbo la pairaiti la aina hii linajulikana, na pembe zake ni 126.9 kwenye kingo sita na 113.6 kwenye kingo 24. Vipimo vyetu viliangukia papo hapo. Pande tano zilikuwepo, lakini pande tano *sawa* hazikuwepo, na sheria ya fuwele haikuvunjwa.

Kijana alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki: "Kwa hiyo, mwalimu, jiwe langu limekosea kidogo tu?"

Limekosea kwa kiasi gani

Nilitaka kujibu kwamba pairaiti ni pairaiti na kwasikristali ni kwasikristali, basi. Nashukuru sikujibu hivyo, maana ingekuwa si kweli. Kati ya viwili hivi kuna ngazi, na ngazi hiyo inahesabika.

Pairaiti ndani yake ni michemraba midogo, kila mmoja upana wa nanomita 0.54, iliyopangwa kama matofali. Uso wowote wa fuwele unaolala mshazari ni ngazi ya matofali hayo, na vidato vyake ni vidogo mno kuonekana. Fundi akijenga ngazi kwa matofali mazima, mteremko wake lazima uwe wa namba nzima kwa namba nzima: matofali mawili mbele kwa moja juu, au matatu kwa mawili. Nyuso za jiwe letu ni ngazi ya 2 kwa 1. Hata mistari myembamba inayoonekana kwa macho juu ya nyuso za jiwe lile, sambamba na ule upande mrefu, ni vidato vilivyokuwa vikubwa kuliko kawaida.

Umbo kamili la nyuso kumi na mbili linadai mteremko mwingine: 1.618 na tarakimu zisizokwisha, namba ambayo wanahisabati huiita uwiano wa dhahabu. Hakuna namba mbili nzima zinazoweza kuitoa. Zipo zinazoikaribia tu: 1/1, 2/1, 3/2, 5/3, 8/5, kila moja ikiwa karibu zaidi ya iliyotangulia, mara juu yake mara chini yake.

Hapo nikainuka nikaleta ganeti yangu nyekundu niliyonunua zamani kwa mchimbaji wa Mpwapwa. Nayo ina nyuso kumi na mbili, ila zina pande nne, umbo la rombasi. Nikampa rula. Kila ukingo alioubana ulisoma 120, isipokuwa mmoja uliosoma 119 kwa sababu mkono ulitetemeka. Ganeti ni ngazi ya 1 kwa 1. Upande wa tano wa kila uso umefupika hadi ukatoweka.

Kwa hiyo mezani palikuwa na mawe mawili ya mfuatano mmoja: ganeti 1/1, pairaiti 2/1. Ngazi ya 3/2 ingetoa pembe za 112.6 na 117.5. Ya 5/3, 118.1 na 116.2. Ya 8/5, 116.0 na 116.7. Unaona zinavyosogeleana? Mwisho wa safari zinakutana kwenye 116.6, na hapo ndipo kwasikristali ilipo. Jiwe la kijana halikukosea "kidogo tu," lilikuwa limesimama kituo cha pili.

Lazima niweke onyo, na nilimwekea yeye pia. Hii ni hesabu ya umbo la nje. Atomu za ganeti na za pairaiti ndani hazifanani hata kidogo na za kwasikristali. Lakini zipo aloi ambazo hesabu hiihii inafanyika ndani kabisa, kwenye mpangilio wa atomu zenyewe, na hizo ndizo zinazoonyesha undugu wa kweli. Mfano ulio safi kuliko yote ni wa kadimiamu na itabiamu. Mwaka 2000 Tsai na wenzake walitangaza kwasikristali yenye atomu 5.7 za kadimiamu kwa kila moja ya itabiamu. Ukiongeza kadimiamu kidogo, 76 kwa 13, unapata fuwele ya kawaida ya daraja la 2/1. Ukifika 6 kwa 1, unapata fuwele ya daraja la 1/1. Zote tatu zimejengwa kwa vishada vya atomu vya aina moja. Kinachotofautiana ni jinsi vishada vinavyopangwa, yaani kama mpangilio unajirudia au haujirudii. Fuwele za namna hii huitwa fuwele za ukaribio, na ndizo zilizowafundisha wanasayansi atomu zinakaa wapi, kwa sababu kitu kinachojirudia ni rahisi kukisoma.

Njiti za kiberiti

Je, kwasikristali inawezaje kugeuka kuwa fuwele ya ukaribio? Nilimwaga njiti za kiberiti mezani. Njiti nzima niliiita K, yaani kubwa, kidato cha matofali mawili. Njiti niliyoikata nusu niliiita N, ndogo, kidato cha tofali moja. K tupu ni ngazi ya 2/1. N tupu ni 1/1. Ukirudia KN unapata 3/2. Ukirudia KNK unapata 5/3, na KNKKN hukupa 8/5.

Ya kwasikristali hupatikana kwa kanuni moja: kila K iandike KN, kila N iandike K, rudia. Anza na K: KN, KNK, KNKKN, KNKKNKNK, na kuendelea. Mstari huu haujirudii kamwe, na wastani wa mteremko wake ni ule uwiano wa dhahabu. Nikamwambia apange njiti 20 za mwanzo kwa kanuni hiyo, na chini yake apange KNKKN mara nne.

Alipanga, akainamisha kichwa usawa wa meza, akalinganisha. Juu palikuwa na KNKKN KNKKN KKNKN KKNKN. Chini, KNKKN KNKKN KNKKN KNKKN. Tofauti ni mahali pawili tu. Njiti ya 12 na ya 13 zibadilishane nafasi, ya 17 na ya 18 zibadilishane nafasi, na mstari usiojirudia unakuwa mstari unaojirudia. Hakuna njiti iliyosafiri mbali, kila iliyohama ilimpisha jirani yake. Ukiendelea kupita njiti 20 mambo huwa mazito, hatimaye baadhi ya K hulazimika kuwa N, kama vile kadimiamu ilivyolazimika kupungua au kuongezeka. Lakini kiini ni kile: mruko mfupi wa jirani na jirani. Atomu katika kwasikristali hufanya miruko ya namna hiyo, na miruko ikielemea upande mmoja, mteremko wote hubadilika na kitu kizima huteleza kuwa fuwele ya ukaribio.

Njia hiyo ndiyo inayoonekana kwenye aloi za alumini, shaba na chuma. Tsai na wenzake walionyesha mwaka 1987, Japani, kwamba metali hizo hutoa kwasikristali iliyo imara, isiyohitaji kupozwa ghafla. Kwa baadhi ya michanganyiko yake, ikiwa ya moto ni kwasikristali, ikipoa polepole hugeuka fuwele ya ukaribio, na ikipashwa tena mamia ya nyuzi joto hurudi kuwa kwasikristali.

Aloi ya Shechtman haina hiari hiyo. Ilizaliwa kwa kuyeyushwa na kupozwa kwa kasi ya kiasi cha nyuzi milioni moja kwa sekunde, atomu zikiwa hazijapata nafasi ya kutulia. Ipashe moto hadi kama nyuzi 400 na mambo huvunjwa na kujengwa upya: huzaliwa fuwele ya alumini sita kwa manganizi moja, muundo mwingine kabisa, na hairudi nyuma.

Kwa nini pembe peke yake isingetosha

Kuna jambo moja nililomwambia kijana mwishoni, na nadhani watu wengi wanaoandika habari hizi hulipita haraka mno. Tuseme kingo zote 30 zingesoma 116.6. Je, ningemwandikia kwamba ni kwasikristali? Nisingemwandikia.

Kwenye aloi ileile ya alumini, shaba na chuma, Audier na Guyot wa Ufaransa walikuta punje zenye umbo kamili la nyuso kumi na mbili ambazo ndani zilikuwa zimeshageuka: vifuwele vidogo vidogo vya kawaida vya rombohedra (umbo kama mchemraba uliovutwa kona kwa kona), vimeelekezwa pande mbalimbali kwa mpango, vimejaa ndani ya ganda lililojengwa zamani na kwasikristali. Nje ni umbo la mzazi, ndani wanakaa watoto. Protrakta haiwezi kugundua hilo. Inabidi kupitisha mwali wa elektroni au wa eksirei na kuzisoma nukta kwa makini, kama ziko mahali pake hasa au zimesogea kidogo.

Hii ndiyo sababu siwezi kumcheka mkemia Linus Pauling. Mshindi huyo wa Nobel mbili, mwaka 1985, aliandika kwamba alichoona Shechtman ni fuwele za kawaida za mchemraba zilizoungana pacha kwa pacha hadi zikaigiza tano. Kwa aloi ya Shechtman alikosea, na alifariki 1994 bila kukubali. Lakini swali lake lilikuwa halali: fuwele za ukaribio zilizopachana zinaweza kweli kuigiza. Watu walilazimika kupima kwa ukali zaidi ili kumjibu, na kupima huko ndiko kulikofanya mwaka 1992 Muungano wa Kimataifa wa Kristalografia ubadili maana ya neno fuwele lenyewe. Sasa sifa inayodaiwa ni nukta kali zilizotengana kwenye picha ya mwali. Kujirudia si sharti tena.

Yaliyofuata

Nilimwandikia karatasi moja: vipimo vyote 21 vya kingo, rangi ya mstari kwenye kigae, uzito kwa ujazo, na jina pairaiti. Nilimshauri aipeleke pamoja na jiwe kwa mjiolojia wa madini apate maoni ya pili, naye alifanya hivyo na jibu likawa lilelile. Akamrudia broka akiwa na mama yake na mweka hazina wa kikoba. Broka alibisha asubuhi nzima, kisha akatoa laki tano. Laki tatu zilikuwa zimeshaliwa, na kijana anazirudisha kikobani kidogo kidogo kwa pesa ya bodaboda.

Jiwe liliachwa kwa kijana. Alikuja nalo tena Agosti, katika soksi ileile, akaniuliza kama shule inaweza kulinunua kwa elfu ishirini. Nilitoa mfukoni. Lipo kwenye kabati la maabara pamoja na ganeti na ile protrakta yenye rula mbili, na wanafunzi wa kidato cha tano wameshapima kingo tatu kati ya zile tisa zilizomeguka, kwa kuegemeza rula kwenye kilichobaki cha nyuso. Mbili zilisoma 114. Moja ilisoma 127, ule ukingo wa sita.